Gari Halijui Jumanne

Kishapu,
9 Machi 1953

Kwa shemeji yangu Eustace,

Mwangaluka! Karatasi hii ikukute mzima huko mgodini Geita kama inavyotuacha sisi wazima hapa, ila kwa matope. Mvua imenyesha mpaka mbuga zote zimekuwa uji mweusi. Habari kubwa ni kwamba dada yako Generosa amejifungua mtoto wa kike tarehe kumi na nne Februari, baada ya miaka minne ya watu kuniuliza kama nimeoa mke au nimeoa jembe. Mtoto ana sauti ya honi. Mama yenu hajambo, anakusalimu.

Sasa shida. Lile lori la jeshi ulilonikataza nisilinunue, nami nikalinunua, limeshikwa na ulevi. Usukani unacheza, naugeuza robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Nikifika mwendo wa maili ishirini mbele kunatetemeka hata meno yangu yanagongana. Hayo ni ya siku nyingi, nimeyazoea. Jambo jipya, lililoanza mwezi wa pili, ni kwamba linavutia kulia. Juzi lilikatisha barabara nusura nimpande mzee mmoja na punda wake. Punda alikuwa na akili kunishinda, akaruka mtaroni.

Fundi wa mjini Shinyanga anataka nimwachie gari mpaka mwezi wa tano. Siwezi. Si kwa ajili ya pamba, pamba bado iko shambani. Nina mzigo wa kila Jumanne, wa kupeleka maili thelathini na tano, nao haukosi hata wiki moja wala hautaki kutikiswa. Usiniulize ni mzigo gani, ni wa watu. Wewe ulitengeneza magari ya jeshi huko Burma, na sasa unatengeneza mashine za Wazungu. Niandikie nifanye nini kwa mikono yangu mwenyewe. Naogopa nitaua mtu, Shemeji, na hapo sitanii.

Ni mimi shemeji yako,
Mabula


Geita,
30 Machi 1953

Shemeji Mabula,

Barua yako imetembea siku kumi na saba. Nadhani imekuja kwa lori lako. Nimefurahi sana kwa habari ya mtoto, nimewatangazia wote hapa karakana hata msimamizi amechoka. Mimi ni mzima. Mvua ni nyingi na asubuhi kuna baridi, nalishukuru koti langu la jeshi.

Umeandika kwamba Mama hajambo, ananisalimu. Mwaka jana uliandika maneno hayo hayo manne, kwa mpangilio huo huo. Yukoje?

Aina ya lori lako naijua kama ninavyoijua mifuko ya koti hilo. Yote huisha pale pale. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, halafu weka magogo chini yake kabla hujaingiza hata kidole. Jeki ni ya kuinulia tu, usiiamini. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likigonga, kingpini zimekwisha, yaani vile vyuma vinene vilivyosimama ambavyo magurudumu ya mbele hugeukia, pamoja na bushi zake, vile vikuku vya shaba zinamokaa. Kisha shika gurudumu kwa pembeni, kushoto na kulia. Likicheza hapo, ni vichwa vya tairodi, ule mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili.

Najua vyote vimekwisha, kwa hiyo sikungoja jibu. Msimamizi ameniruhusu kukereza bushi nne za shaba baada ya saa za kazi, na kingpini mbili na vichwa vya tairodi nimevipata kwenye lori bovu la hapa. Vyote anavileta Thobias, dereva anayepita kwenu kwenda Shinyanga. Toa gurudumu na dramu ya breki. Gonga kingpini kwenda chini mpaka itoke. Bushi kuukuu zisukume nje, mpya zivute ndani taratibu kwa bolti ndefu na nati, usizipige nyundo. Angalia tundu la bushi likutane na tundu la grisi, vinginevyo unafanya kazi ya bure. Ile beringi bapa irudi chini ya ekseli kama ilivyokuwa.

Usiniletee haraka zako. Fanya upande mmoja kwanza, na upande wa pili uuache mzima uwe kielelezo chako.

Eustace Nkwabi


Kishapu,
26 Aprili 1953

Shemeji yangu mkali,

Salamu zako zimefika zikiwa na harufu ya grisi. Sote tu wazima. Mtoto amebatizwa siku ya Pasaka, jina Paskazia, akamlilia padri mpaka maji yakamwagika. Mama yenu hajambo, anakusalimu. Naona nimeyarudia, lakini mtu akiwa hajambo utasemaje tena?

Thobias alileta kifurushi. Nilitikisa gurudumu kama ulivyosema, likagonga kama mlango wa duka. Basi nikaanza. Kingpini nimeigonga tangu asubuhi mpaka jua la utosi, haikusogea hata unene wa unywele. Wanaume wote waliopita njiani walitoa shauri. Mmoja alisema niiwashie moto, mwingine akasema gari limekataa kwa sababu halijatambikiwa. Nikakipiga kidole changu cha shahada. Ndipo nikachuchumaa nikaona kuna kipini kidogo kimepita ubavuni mwa ekseli, kina nati yake, kimeishika kingpini isitoke. Hukukiandika, Shemeji! Nilipokitoa, kingpini ikashuka kwa nyundo tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nakubali, lakini mkuu naye akisahau kusema, kidole kinamlilia nani?

Bushi zako zimeingia kama zimezaliwa humo. Kingpini kuukuu nikizishika mkononi naona zimeliwa upande mmoja, zina kiuno. Nimezihifadhi. Ila grisi iliniishia upande wa pili, basi nikapaka samli ya ng'ombe, safi kabisa. Tangu jana mbwa wote wa hapa wamelala chini ya lori wakilamba gurudumu la kushoto.

Nimefunga vichwa vya tairodi pia. Bado sijaenda mwendo mrefu. Kesho kutwa ni Jumanne, nitajua.

Mabula


Geita,
14 Mei 1953

Shemeji Mabula,

Kipini hicho ni kosa langu. Nimekitoa mara nyingi hata mkono wangu ukasahau kwamba wengine hawakijui. Pole kwa kidole.

Lakini samli! Samli huyeyuka chuma kikipata moto, na ukifika njiani kingpini itabaki kavu. Fungua, futa, weka grisi, leo. Wape mbwa samli yao kwenye kigae.

Sasa uyanyooshe magurudumu, maana ukibadili tairodi lazima upime. Chukua fito iliyonyooka. Pima toka tairi mpaka tairi kwa mbele, usawa wa katikati ya gurudumu, halafu kwa nyuma. Mbele papungue kuliko nyuma kwa unene wa sarafu mbili za senti kumi. Kama sivyo, legeza tairodi uizungushe kidogo kidogo. Kisha nenda mahali tambarare, pasipo mtu wala ng'ombe, bila mzigo, uachie usukani uone linaelekea wapi. Niandikie ulichokiona, si unachodhani.

Mama amwombe mwalimu wa shule amwandikie barua, hata mistari miwili. Nimetuma sukari na kitenge mara tatu na sijui kama vilimpendeza. Najua mimi ndiye mwenye deni la safari. Hilo tuliache.

Eustace


Kishapu,
7 Juni 1953

Kwa Shemeji,

Sisi wazima. Pamba imeanza kufunguka, mwaka huu itakuwa nyeupe mpaka macho yaume. Paskazia ameanza kucheka, tena anamcheka baba yake. Nyumbani wote wanakusalimu.

Nimefanya yote. Grisi imeingia, fito nimepima mara nne. Usukani sasa hauchezi, na kutetemeka kumekwisha kabisa. Nakwenda maili thelathini na chai haimwagiki. Nilikwenda kwenye mbuga iliyokauka nikaachia usukani. Likaenda limenyooka kama njia ya kisimani. Wabeja, asante sana, Shemeji. Nilishuka nikalipigapiga boneti kama ng'ombe.

Lakini Jumanne linavutia kulia. Cheka ukitaka. Jumatatu limenyooka, Alhamisi limenyooka, Thobias ameliendesha kwenda na kurudi mjini akasema angependa lake liwe hivyo. Ikifika Jumanne, barabara ile ile, linanipeleka kulia, nami nalirudisha, linanipeleka tena. Jumanne iliyopita nilikutana na lori la kampuni uso kwa uso, na niliukosa mlango wake kwa upana wa kiganja. Nilisimama pembeni nikalizunguka gari mara mbili, sikuona kasoro. Labda ni springi ya kulia? Labda breki moja inashika? Au katika njia ya Jumanne kuna mtu ameweka kitu? Nisaidie, maana siwezi kuacha kwenda.

Mabula


Geita,
25 Juni 1953

Mabula,

Salamu kwenu wote, na umbusu mtoto.

Gari halijui Jumanne. Ekseli haina kalenda. Kama springi ingekuwa imelegea, ingelegea na Alhamisi. Kama breki ingekuwa inashika, ingemshikia na Thobias.

Nimeziweka barua zako zote tatu mezani, nikazisoma kama ninavyosikiliza injini. Kuvutia kulia kulianza mwezi wa pili. Mwezi wa pili dada yangu alijifungua akakaa nyumbani. Kabla ya hapo alikuwa anakaa kiti cha katikati, nalijua hilo kwa sababu aliniandikia mwenyewe Krismasi kwamba kila wiki mnakwenda safari pamoja, nami nikadhani ni matembezi. Mzigo wako haukosi wiki. Hautaki kutikiswa. Magunia hayana tabia hiyo.

Jeshini nilifundisha madereva, na la kwanza niliwaambia mikono hufuata macho. Ukitazama ndege upande wa kulia, gari litakwenda kwa ndege. Basi kushoto kwako siku ya Jumanne amekaa nani, hata uugeuze uso wako kulia maili thelathini na tano? Kwa desturi yetu mwanamume humkwepa hivyo mtu mmoja tu.

Hesabu hii naweza kuimaliza mwenyewe, lakini sitaki. Imalize wewe.

Eustace


Geita,
2 Agosti 1953

Mabula,

Ni wiki tano. Thobias anasema alikuona mnadani na ukapita njia nyingine. Sina hasira. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimekwisha kupata barua moja ya namna hiyo maishani. Usiniandikie ya pili.

E.


Kishapu,
16 Agosti 1953

Shemeji yangu Eustace,

Kalamu nimeishika mara sita na kuiweka. Leo Generosa amekaa mbele yangu na mtoto mgongoni, amesema sitaondoka kwenye kigoda hiki mpaka nimalize.

Ni yeye, mzazi wetu. Tangu Novemba ana kidonda mguuni, chini ya goti, kilianza kwa mwiba wa shambani. Kililia mpaka kikaonyesha mfupa. Hospitali ya misheni wanamsafisha na kumfunga kila Jumanne, na daktari alisema akikosa mara mbili tu, mguu utakatwa. Juu kwenye mzigo hawezi kupanda. Hataki mtu baki akae karibu naye, kwa sababu ya harufu. Amekataza pia mjukuu wake apelekwe penye wagonjwa, kwa hiyo Generosa hubaki nyumbani na mtoto. Basi tumebaki wawili ndani ya kebini, mimi na mkwe wangu, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu angeruka dirishani. Namwepuka kwa kila njia niwezayo. Uso wangu uko nje, naiona barabara kwa pembe ya jicho.

Alikataza usiambiwe. Alimtuma Generosa kwangu na maneno haya: "Aliyeshindwa kuja kwenye kaburi la baba yake, asije kwa ajili ya mguu wangu." Ningefanyaje, Shemeji? Kukaidi neno la mkwe, na kumdanganya kaka wa mke wangu, vyote ni vibaya, na nilichagua kimoja. Nimekosa. Nakuomba radhi.

Kwa kuwa hatuwezi kusemezana, yeye husema na gari. "We gari, punguza, hapa pana mashimo." Nami nalijibu gari, "Gari, mwambie mzazi mashimo yamekwisha." Siku ile ya punda alisema, "We gari, kama umeamua kuniua niue, lakini huyo punda amekukosea nini?" Nilitaka kucheka nikang'ata ulimi. Ndivyo tunavyosafiri.

Mwezi wa saba tulikuwa tunarudi, nikadhani amesinzia. Mara akasema kwa sauti ndogo, "Gari, wewe ulikuwa jeshini. Huko hukumwona mwanangu?"

Nililia, Shemeji, nikiwa nimeangalia nje, na siku hiyo ndipo tulikwenda kulia kuliko siku zote.

Mabula


Geita,
30 Agosti 1953

Shemeji Mabula,

Radhi unayo. Ungekuwa mwanangu nisingekufundisha adabu nyingine.

Nikueleze na mimi nilichokificha. Habari ya kifo cha baba ilinikuta Burma ikiwa na miezi saba. Nilijiona nimekwisha kuchelewa, na kwamba kuchelewa zaidi hakutaongeza kitu. Mwaka wa arobaini na sita, tuliporudishwa, nilishuka stesheni ya Shinyanga na begi langu. Nikaitazama barabara ya kwetu. Nikafikiri Mama ataniuliza ulikuwa wapi, na jibu ninalo, lakini halitoshi. Treni ikapiga filimbi nikapanda tena. Tangu siku hiyo kila mwaka umefanya njia ile kuwa ndefu zaidi. Nimekuwa nikituma vitenge.

Gari lako ni zima. Lililopungua ni kitu cha kuweka katikati ya kiti, upana wa inchi kumi na nane hivi. Karakana yetu haiwezi kukikereza. Nimepewa likizo ya siku kumi, nitakileta mwenyewe kabla ya Jumanne ya tarehe ishirini na mbili Septemba. Usimwambie.

Eustace


Kishapu,
11 Oktoba 1953

Kwa ndugu yangu Eustace,

Nadhani umefika salama Geita. Hapa sote wazima, pamba imekwisha kupimwa, na Paskazia ameota jino ambalo anatuonyesha hata tusipouliza. Nimesafisha kaburi tena baada ya wewe kuondoka. Yale mawe uliyoyapanga hayajasogea.

Uliondoka kichwa chini, nami nilikuona. Ulisema umefunga safari yote hiyo na mzazi hakukuambia neno moja. Ni kweli. Ulipoingia kebini ukakaa kati yetu, aligeuka akaliambia gari, "We gari, huyu uliyempakia ni mzito, angalia asivunje springi." Maili zote thelathini na tano aliongea na gari. Ulimbeba mgongoni mpaka mlangoni kwa daktari, akaongea na mlango. Na usiku ule wa kuagana alikupa kisogo. Lakini mimi niliyekaa naye miezi minane nisimwone, namjua kwa masikio, na nakwambia sauti yake ilikuwa imebadilika. Hukukaa vya kutosha kuisikia.

Uliacha koti lako la jeshi kwenye kiti. Nilidhani umelisahau. Jumanne iliyofuata nilikuja kulichukua ili nimpe Thobias akuletee, nikakuta mzazi ameshapanda. Alikuwa amelisimamisha koti katikati, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni, amelikunja mikono kwa mbele kama mtu anayengoja chakula. Kwa upande wangu, koti limemficha. Nilikaa, nikashika usukani, na, ukitoa ile Jumanne uliyokaa wewe, kwa mara ya kwanza tangu Februari nikatazama mbele.

Tulipofika penye udongo mweusi nilikuwa nakwenda kasi kidogo, kwa furaha. Akasema:

"Eustace, mwambie dereva apunguze mwendo."

Nikapunguza. Baadaye nikasema, "Eustace, mwambie mzazi nimesikia." Hivyo mpaka hospitali, na hivyo kurudi. Lori halijasogea kulia hata inchi moja, Shemeji, na tangu siku hiyo halijasemeshwa tena, nadhani limeona wivu. Daktari amepima mguu akasema nyama mpya imeshika pande zote, haukatwi.

Juma lililopita, mzazi akiwa ameshapanda, Thobias alipita kuulizia kama kuna mzigo wa Geita. Nilisimama nje ya kebini nikasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, kwamba huko kuna baridi ya asubuhi na mwenye koti atalihitaji. Niliona mkono wa mzazi ukilinyoosha bega la koti.

"Eustace," akasema, "mwambie dereva koti haliendi Geita. Mwenyewe sasa anaijua njia, aje alifuate."

Ni mimi,
Mabula